Mama Nathan ameulizwa jina

Tabitha, nimechoka. Niko gesti huku Issenye.

Ile riwaya niliyoisoma, ya mtu aliyesafiri mpaka akajijua, ndiyo imenitoa nyumbani Susuni. Nilimwambia Baba Nathan naenda kujitafuta.

Sasa mhudumu wa mapokezi kaniuliza jina. Nikasema, "Mama Nathan."

Akasema, "Hilo ni la mtoto. Wewe mwenyewe unaitwa nani?"

Tabitha, jina halikuja. Ananiuliza mimi mwenyewe naitwa nani, na mimi nimesimama tu, watu nyuma yangu wanasubiri.

Mwishowe nikasema Bhoke, jina nililopewa nilipozaliwa. Nililisikia kama la mtu mwingine.

Baba Nathan amepiga kuuliza kama nimejipata. Nikamwomba aniite Bhoke. Akaniita, taratibu, kama anajifunza kulitamka. Nimeshindwa kuitika, nimelia tu.