Brashi Iliyoanguka

Mwanangu,

Barua yako imefika. Huku tu wazima, ila magoti yananisumbua, na mama yako amepaka jiko lake rangi ya kijani peke yake, amesimama juu ya stuli.

Umeuliza namna ya kuegesha ngazi ukutani, sasa kwa kuwa nawe umekuwa fundi rangi. Kwa kila futi nne za kwenda juu, miguu ya ngazi ikae futi moja mbali na ukuta. Ikanyage pakavu. Juu ifunge kwa kamba kwenye nondo za dirisha, kamwe usiifunge kwenye bomba la maji ya mvua.

Mimi na baba yako hatukufunga kamba kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa nasimama kwenye kipago cha chini cha ngazi, yeye anapanda. Mafundi wenzetu walipomgombeza, alicheka: "Kamba ya nini, na kaka yangu ana kilo tisini?"

Kwenye msiba wake nilikuambia sakafu ilikuwa na maji. Ilikuwa kavu. Brashi ilimponyoka, akasema, "Kaka, hebu niokotee." Nikashuka; zilikuwa hatua tatu tu. Nilipoinama, nikasikia ngazi ikikwaruza ukuta.

Siku ile ulinishukuru kwa kumshika mkono mpaka mwisho.

Mama yako hajui. Ukiona vema, mwambie.

Kwenye kifurushi hiki kuna kamba mpya, mita kumi. Ifunge kila unapopanda, hata kama aliye chini anakupenda.

Ni mimi,
baba yako mkubwa.