Mtama Ndani ya Buti

Jumatatu, 10 Machi 2025

Manyatta, Kisumu. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu ziwa lipande na kuichukua nyumba yangu kule karibu na Luanda Kotieno. Nilikuja mjini kupanga chumba kwa miezi michache, maji yapungue. Bado napanga.

Tangu asubuhi waya umepita dirishani hadi kwenye gari. Tokeni za stima zimeisha mara mbili. Mama Atieno, mwenye ploti, anasema nimemletea ng'ombe anayekunywa stima. Nikamwambia angalau huyu hana kinyesi. Alicheka, lakini alikwenda kuichungulia mita.

Gari hili la umeme ni la binti yangu Akinyi, aliye Nairobi. Alilinunua likiwa limeshatumika, bado lina waranti ya kampuni, akaniachia Januari. Eti sasa sina kisingizio cha bei ya petroli. Gari zuri. Halina kelele hata kidogo. Mara mbili nimeshuka na kuliacha linawaka, maana sikulisikia.

Mawingu yamejaa upande wa ziwa.

Jumatano, 12 Machi

Ochieng' amepiga simu. Ndiye ndugu yangu anayenifuata. Kule nyumbani Luanda Kotieno imenyesha, udongo umelainika. Hakusema njoo. Alieleza tu udongo ulivyo. Nikasema Ijumaa alfajiri.

Hakuhitaji kusema zaidi. Kwetu mkubwa wa boma ndiye anayepanda kwanza. Hata mashimo mawili matatu yanatosha. Kabla yake ndugu zake hawatii mbegu ardhini, wala wake zao. Mkubwa ni mimi. Pale sina nyumba, sina hata kuku. Nina asubuhi hiyo moja kila mwaka. Nafika, napanda, nakunywa uji kwa Ochieng', narudi mjini. Kwa sababu ya asubuhi hiyo bado mimi ni mtu wa pale.

Mbegu ni mtama mwekundu, uzao wa mtama wa mama. Kila mavuno mke wa Ochieng' hunitumia wa mistari ya kwanza, nami huuweka katika kibuyu cha mama hadi msimu mwingine. Leo nimekiweka kibuyu kwenye buti la gari mapema nisije nikakisahau. Uzee.

Ijumaa, 14 Machi

Sikufika.

Nilishapita Bondo. Kukaanza kupambazuka. Kwenye dashibodi ikawaka picha ya kobe. Kobe kabisa, na gamba lake. Gari nalo likaanza kutembea kikobe. Punda mwenye mitungi ya maji akanipita, na mwenye punda akanipungia mkono. Mbele kidogo kila kitu kikazima. Taa, vioo, redio. Buti halifunguki. Linafunguliwa kwa umeme, halina tundu la ufunguo, na kutoka ndani halifikiki.

Ningeweza kuchukua boda hadi nyumbani. Ningefika mikono mitupu.

Nilipiga simu kwa kampuni, Nairobi. Msichana mpole sana. Akanipa namba ya kesi. Gari lisivutwe kwa kamba. Lisiguswe na fundi wa nje, waranti itakufa. Fundi wao atakuja Kisumu kabla ya Jumanne. Nikatafuta lori, tukalirudisha gari kama mgonjwa. Ochieng' nilimwambia Jumanne. Akasema hamna shida, udongo bado una maji.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwita Bwana Harbans. Tuko rika moja. Gereji yake ilikuwa ya babake, na ndiye aliyeitunza Peugeot yangu hadi ikafa. Alilizunguka gari akiwa ameweka mikono nyuma kama mtu aliyekuja matangani.

"Mzee, hii si gari. Hii ni simu yenye magurudumu."

Alidhani tatizo ni betri ndogo, ile ya taa na milango. Alitaka kuiamsha kwa nyaya. Nikampigia Akinyi. Akakataa, karibu alie. Waranti ikienda, betri kubwa ikiharibika hataweza kununua nyingine. Harbans akazikunja nyaya zake.

Tulikunywa chai. Akanikumbusha siku tangi la Peugeot lilipotoboka Ahero, yeye akiwa abiria. Tuliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia tukafika nyumbani. Mama alikuwa hai. Alimpa Harbans samaki, kisha akakumbuka kwamba hali nyama wala samaki, akamletea maboga na maziwa. Harbans bado anayakumbuka maboga yale.

Jumatano, 19 Machi

Fundi hakuja. Nilipopiga simu nilipata sauti nyingine. Mfumo unaonyesha kwamba gari liko Mombasa. Nikasema naliona kupitia dirishani. Akasema ataandika hivyo.

Imenyesha hapa mchana kutwa. Nimekaa dirishani. Natazama gari lakini naona nyumba yangu. Kuta za udongo, bati jipya, mlango uliotazama Mbita, ng'ambo ya maji. Omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa chini, harufu imeingia hadi kwenye vitabu vyangu. Maji yalipoingia hayakuwa na hasira. Asubuhi yalikuwa mlangoni. Jioni mke wangu alikuwa amesimama ndani yake, anaokoa sufuria. Siku hizi pale kuna mafunjo, na wavuvi hupita juu ya chumba changu cha kulala.

Jumapili, 23 Machi

Walikuja nikiwa kanisani. Kampuni ilileta lori, wakaomba ufunguo niliomwachia Mama Atieno, naye akawapa. Gari limepelekwa Nairobi.

Alinipokea getini kwa furaha, anasimulia walivyolipandisha. Nikamuuliza kama walifungua buti. Hakujua kuna nini ndani. Nilipomwambia alikaa kwenye ngazi akafunika mdomo.

Sikumlaumu. Sikula pia. Nina hasira kama kijana.

Jumatatu, 24 Machi

Kampuni haishughuliki na mali binafsi iliyomo garini. Gari liko kwenye foleni. Nikasema ni kibuyu tu, mfungue, mnitumie kwa basi. Lazima mtu wa kompyuta alione kwanza, na mtu wa kompyuta yuko likizo.

Jioni amepiga mke wa Ochieng', Mama Otieno. Kwa jambo hili hajawahi kunipigia. Kwanza aliniuliza nyonga yangu inayonisumbua, akauliza Akinyi, akauliza kanisa. Kisha akasema kwa heshima zote:

"Mzee, mahindi ya majirani yametokeza. Yetu bado yako kwenye gunia. Watoto wakiniuliza nawaambia tunangoja gari la baba mkubwa."



Jumatano, 26 Machi

Nimekwenda soko la Kibuye kununua mbegu. Nimesimama kwenye duka na pakiti ya mtama mkononi, mbegu zimepakwa dawa ya pinki. Taksi ningepata. Kesho alfajiri ningekuwa shambani, nitie hizo za pinki, nibaki mkubwa.

Kisha nikajiuliza kuhusu mwaka ujao. Mwaka jana walingoja nyonga yangu. Mwaka wa kabla walingoja dereva aliyelewa. Nimekuwa nikilitukana gari bure. Wale wamekuwa wakinisubiri mimi siku zote, na wanakula kutoka shamba lile. Mimi nanunua unga dukani.

Nikairudisha pakiti.

Nilimpigia Ochieng' nikiwa bado njiani, nisije nikafika nyumbani nikageuza nia.

"Panda wewe. Kuanzia leo wewe ndiye wa kwanza."

Nilisikia mvua kwenye bati lake. 

"Mzee, unajua ukisema hivyo unasema nini."

"Najua. Sina boma pale. Ziwa lilishalichukua."

"Na siku yako ya kuzikwa ikifika?"

"Siku hiyo si mimi nitakayeendesha gari."

Alijizuia, kisha akacheka, na mimi nikacheka. Baadaye hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Ijumaa, 4 Aprili

Gari limerudi. Ilikuwa betri ndogo. Harbans ameambiwa, amesema tu pole. Kijana aliyelileta alibonyeza ufunguo, buti likafunguka lenyewe polepole. Kibuyu kilikuwa kimelala ubavu. Hakuna punje iliyomwagika.

Mke wa Ochieng' ametuma picha. Mistari ya kijani, mifupi, imenyooka. Ochieng' amesimama pembeni amevaa koti langu la zamani.

Nimeupeleka mtama kwa posho mill ukasagwa, nikapika uji. Kikombe kimoja nimempa Mama Atieno. Alionja akauliza ni mtama wa wapi, una ladha ya moshi. Nikamwambia wa kwetu.

Nimekunywa wangu barazani, taratibu, hadi mwisho. Kibuyu nimekiosha na kukiweka juu ya rafu ya vitabu. Waya umepita dirishani, gari linachaji. Akinyi anataka nimpeleke ufukweni Dunga Jumapili akija.

Luanda Kotieno sitarudi.