Ile Inayonifikisha Chini

Kishapu, 9 Agosti 1996

Baba Mageni wangu,

Barua hii ikukute mzima hapo machimboni Geita. Pamba tumemaliza kuvuna, na Mageni ameota jino la nne.

Nilikwenda dukani kwa Pranlal, Shinyanga mjini, kuziangalia zile pikipiki mbili za mbio ulizoniagiza nikusaidie kuchagua. Ile kubwa yenye injini ya mia sita inanguruma mpaka kifuani, sikufichi. Lakini sikuishia kuangalia, nilizipanda. Nilipokuwa juu ya ile kubwa, mke wa Pranlal akacheka: "Wewe mama, unaning'inia kama kuku wa mnadani!" Kwenye ile ya mia mbili hamsini, miguu yote miwili ilifika chini.

Najua wachimbaji wenzako watakutania. Ila Jumapili mtoto alishikwa na degedege. Shemeji Luka hakuwepo, pikipiki yake imesimama uani, hakuna wa kuiendesha. Nilikimbia naye mgongoni mpaka zahanati. Amepona, usiogope. Mimi tu ndiye nisiyetulia, kila akilala namgusa paji la uso.

Basi chukua ndogo, na ukirudi shimoni uniachie. Luka ananifundisha kwenye uwanja wa mnada. Nimeanguka mara mbili tu.

Mkeo mwenye goti lililochubuka,
Mama Mageni