Gauni Juu ya Minyaa

Jumatano usiku, Agosti 1954

Gauni bado liko nje, juu ya ua wa minyaa. Utomvu wa minyaa ukiligusa, doa halitoki tena, na kesho ndilo la kuvaa hospitali ya Kolandoto, nikaombe kusomea uuguzi. Lile la shule limechanika kwapani.

Na leo mnadani nilivyofurahi! Nilipiga magoti kwenye lundo la kafa ulaya, nguo kuukuu za wazungu, nikazamisha mikono hadi viwikoni, nikatafuta kwa vidole tu. Nikagusa kola laini, nikavuta. Buluu, vifungo vyote vipo. Lakini kutaja bei niliona haya.

Mwuzaji akacheka. "Mdogo wangu, mbona kimya kama unaposwa? Sema unatoa ngapi!"

Nikasema kwa sauti ndogo, akakubali.

Mama hakuliruhusu livuke mlango. "Mwenyewe amekufa huko Ulaya. Akija kulitafuta usiku, alikute nje."

"Mama, mwalimu alisema watu huzitoa wakiwa wazima."

"Alikwenda akawaona?"

Akalitupa mwenyewe juu ya minyaa.

Mimi simwogopi marehemu. Naogopa kusimama mbele ya wazungu wa hospitali nikiwa nimebana mkono ubavuni, kama mtoto...

Mama ametoka sasa hivi na koroboi. Nilichungulia mlangoni, nikidhani anakwenda kulichoma. Kumbe alikuwa akitandika kanga juu ya minyaa, akalilaza gauni juu yake.

Ni ile kanga anayoendea kanisani.