Bodi Zinazogoma Jumatatu

4 Mei

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo, na habari za masikio? Ulisema daktari amekupa miadi nyingine. Niandikie alichosema, na usinipunguzie. Mimi mwili ni mzima. Baridi imelegea, asubuhi naweza kufungua dirisha la jikoni. Jirani wa mlango wa pili amehama, nami sikujua mpaka nilipoona jina lake limebanduliwa mlangoni. Miaka miwili tumepishana kwenye ngazi.

Kazini nina mgonjwa anayenishinda. Tunatengeneza mashine ndogo ya kuwekwa kando ya vitanda vya watoto njiti. Inafuatilia pumzi zao, na pumzi ikikatika inapiga kengele. Ndani yake kuna bodi ya ukubwa wa kiganja, na juu ya bodi hiyo kuna kompyuta nzima. Ukiwasha, taa nyekundu inawaka, kompyuta inaamka, na baada ya sekunde saba taa inageuka kijani. Sasa baadhi ya bodi hazifiki kwenye kijani. Nyekundu inakaa palepale, utadhani imenuna.

Na inatokea Jumatatu tu. Nikifika asubuhi nawasha bodi kumi za mezani, tatu zinagoma. Nazima, nawasha tena, zinaamka kama vile hakuna kilichotokea. Nikichomeka kifaa changu cha kupimia ili nione zimekwama wapi, hazigomi kabisa. Nikimwita mkuu wangu aje aone, zote ziko kijani, nami nimeshika waya kama mwongo. Mara ya mwisho alicheka taratibu akasema labda nahitaji likizo.

Yule mwenzangu tuliyekuwa tunamwita Mrefu, tuliyekaa naye chumba kimoja, aliacha kazi mwezi wa tatu. Meza yake sasa imejaa maboksi. Kuna siku natoka jioni ndipo nagundua kwamba tangu asubuhi sikufungua mdomo ila kuagiza chai.

Wewe umetengeneza redio miaka arobaini. Hitilafu inayokimbia ukiigusa, unaikamataje?

Mwanao

21 Mei

Mama,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Hapa hakuna baya. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba sikio la kushoto limekwisha na la kulia linanisindikiza tu. Usihuzunike. Juzi mteja alinipigia kelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitika, nami nikaambulia neno moja, "betri". Ikatosha, maana kweli ilikuwa betri. Simu tuiache. Barua haininong'onezi.

Kuhusu mgonjwa wako. Kompyuta siijui, usinitegemee huko. Lakini hitilafu ya kukimbia naijua vizuri. Kosa letu mafundi ni kuishika upesi. Fundi anafika, anatikisa, anapima, na kwa kuigusa tu ameshaibadilisha. Iache. Kaa mbele yake ujiulize ilipatwa na nini kabla hujafika. Unasema Jumatatu, lakini bodi haijui kalenda. Ijumaa jioni mnazizima? Kama mnazizima, basi zimekaa bila umeme siku mbili na zaidi. Anzia hapo. Zilaze dakika tano, zilaze saa moja, zilaze kutwa, uandike kila unachoona. Kitu kingine usiguse.

Karakana nafungua saa tatu, nafunga saa tisa. Siku hizi redio ikiharibika watu wanaitupa. Zamani tulikuwa wawili kwenye benchi hili, mimi na baba yako mdogo, na kazi ilitushinda kwa wingi. Sasa niko peke yangu na nafasi imebaki.

Kula vizuri.

Baba yako

12 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na sikio la kulia bado halijachoka kukusindikiza. Mimi nimelala vibaya wiki hii, lakini siumwi.

Umeipata. Ni kweli tunazizima Ijumaa tu, siku nyingine zinakesha zimewashwa. Nilizilaza kama ulivyoniambia. Zilizozimwa dakika tano ziliamka zote. Za saa moja, zote. Za saa nane, moja ikagoma. Siku mbili, nne kati ya kumi. Sikugusa kitu, nilikaa na daftari tu.

Nikueleze. Kompyuta ina kumbukumbu kubwa ambayo iko mbali kidogo, kama kabati lako la vipuri. Halafu ina sehemu ndogo ya karibu, tunaiita kashe, kama pale mezani unapoweka bisibisi na koleo usiwe unainuka kila mara. Ikitaka kitu, inatazama kwanza kwenye kashe. Sasa umeme ukikosekana kwa muda mrefu, kashe inajaa takataka, na ukiwasha, takataka zile zinaweza kufanana na maagizo ya kweli. Ndiyo maana lazima uifute kabla ya kuiruhusu ifanye kazi. Bodi zetu zinairuhusu kwanza, zinaifuta baadaye. Kompyuta inaokota takataka, inaziamini, inapotea njia. Ukizima kidogo na kuwasha, yaliyomo bado hayajaharibika, basi inaamka. Na kifaa changu cha kupimia huifuta chenyewe kikichomekwa, ndiyo sababu nilikuwa sioni kitu. Kiwandani nao walijaribu kwa kuzima na kuwasha papo hapo, zikapita zote.

Ni mistari miwili tu ya maagizo iliyopishana. Nimeibadilisha nafasi, bodi kumi zimelala siku tatu, na zote zimeamka.

Ila aliyeipanga vile ni mimi. Mwaka jana, ili mashine iwahi kuamka kwa sekunde mbili. Nilipongezwa mbele ya idara nzima, nikakuandikia kwa furaha. Faili la maagizo hayo lina jina la Mrefu kwa kuwa yeye ndiye aliyelihifadhi mwisho, na alichofanya ni kunyoosha maandishi tu.

Mashine thelathini na nane ziko hospitalini tayari. Wiki iliyopita moja iliyokuwa stoo ilipelekwa wodini asubuhi ikagoma. Muuguzi aliona ile taa nyekundu mapema, mtoto ni mzima. Nilikwenda kwa mkuu kumwambia nimepata chanzo. Kabla sijamaliza alishafungua faili na kuona jina. Akasema, "Kumbe Mrefu. Afadhali ameshaondoka." Nami nikanyamaza.

Ripoti inaandikwa mwisho wa mwezi, na inasomwa na kila anayefanya kazi hizi. Mrefu ndiyo kwanza ameanza kazi mahali pengine. Ana watoto wawili.

Niambie nifanye nini. Hapa sina wa kumuuliza. Na nakuuliza wewe kwa sababu wewe hujawahi kumsingizia mtu.

Mwanao

10 Julai

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Naandika bila kujua kama unaumwa au barua imepotea. Kila siku nikirudi natazama kisanduku cha barua kabla ya kutazama ngazi. Nilimpigia mwenye duka la pembeni mwa karakana. Anasema umefunga mlango, umeondoka na mkoba, na hukumuaga. Wewe ambaye hata ukienda kunyoa unaacha taarifa. Nimeshindwa kupanga mawazo.

Mwisho wa mwezi ulifika bila jibu lako, ikabidi nijijibu. Asubuhi ya ripoti niliingia kwa mkuu nikamwambia mpangilio ule ni wangu, Mrefu hahusiki. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia niliogopa. Akasema ningeogopa siku hiyo moja tu angenielewa, lakini wiki tatu ni nyingi. Na ni kweli.

Sikufukuzwa. Nimetolewa kwenye usanifu, nimepewa meza ya karibu na korido. Kazi yangu sasa ni kuzunguka hospitali kurekebisha mashine moja moja kwa mkono. Kwenye chumba cha chai wenzangu wananisalimu vizuri tu, kisha wanaendelea na mazungumzo yao.

Nimeshafika kwenye wodi ile. Muuguzi mwenyewe alikuwepo, mama mtu mzima, ana miwani ya kamba. Nilimwambia kosa ni langu. Hakunigombeza. Alinionyesha kiti kando ya kitanda akasema, "Nilikaa hapa dakika arobaini, namhesabia pumzi kwa saa ya mkononi, mpaka wakaleta mashine nyingine." Kisha akaniomba nihakikishe na ile ya kitanda cha sita. Nilipomaliza nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, nikajikuta nahesabu pumzi zangu mwenyewe.

Nimemwandikia Mrefu pia. Amejibu kwa mstari mmoja, asante kwa kumwambia.

Andika, Baba. Hata neno moja.

Mwanao

2 Agosti

Mama,

Marahaba, na unisamehe. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi. Nimerudi juzi nikakuta barua yako ya Julai chini ya mlango. Kumbe ulishafanya bila kuningoja. Umefanya vyema. Ningekujibu mapema ungepata maneno mazuri kutoka kwa mtu asiyestahili kuyasema.

Uliandika kwamba sijawahi kumsingizia mtu. Nilikuwa nimesimama nikisoma, nikakaa. Ilinichukua wiki moja kuamua, kisha nikafunga karakana.

Baba yako mdogo hakuondoka kwa tamaa ya mji kama tulivyokwambia ulipokuwa mdogo. Mwaka ule tuliishiwa fyuzi. Mteja alikuwa anadai redio yake ya kabati, nami nikaweka kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi ili aondoke. Wiki ya pili ikashika moto sebuleni kwake. Mkewe alipoivuta nje iliunguza mikono yake yote miwili mpaka viwikoni. Yule bwana akaja na watu, akauliza nani aliifunga redio hii. Nikasema, "Mdogo wangu." Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika bisibisi. Hakukana. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Baada ya siku tano akaondoka, na hapa mtaani hakuna aliyemuulizia. Imepita miaka ishirini na saba.

Kumtafuta hakukuwa rahisi kwa mtu asiyesikia. Nilikuwa na karatasi yenye jina lake, nawaonyesha watu. Miji mitatu. Nilimpata anatengeneza baiskeli, kibanda chake ni kisafi, vifaa vimetundikwa kwa ukubwa kama nilivyomfundisha. Amekuwa na mvi. Alinitambua kabla sijafika mlangoni, na aliendelea kukaza spoku mpaka gurudumu likaisha.

Nikamwambia. Sikuzunguka. "Waya niliweka mimi, na nilikutaja wewe kwa sababu niliogopa kufungiwa karakana." Alijibu akiwa ameinamia kazi yake, sikusikia kitu. Nikamwambia masikio yangu yamekufa, tafadhali arudie. Akanitazama, naona hilo alikuwa hajui. Akachana kipande cha boksi, akachukua kalamu ya wino, akaandika, "Nilijua tangu siku ile. Nilikuona ukiuweka. Nilikuwa nangoja uje."

Nilifikiri siku zote kwamba naficha kitu.

Mchana alileta chakula, tukala tunatazama barabara. Hakunikaribisha nyumbani kwake, nami sikutaka kumlazimisha. Alinisindikiza mpaka kituoni. Basi lilichelewa karibu saa nzima, na wateja walikuwa wanamsubiri kule kibandani, lakini alikaa na mimi kwenye ubao mpaka likaja. Nilipopanda alinipitishia mkoba dirishani. Basi likaondoka akiwa bado amesimama palepale, mikono mifukoni, mpaka tukakata kona.

Sijui hiyo ni nini. Msamaha sikuuona, na kufukuzwa sikufukuzwa. Nimeshamwandikia tangu nirudi. Najua jibu linaweza kuchukua muda, au lisije. Mtu aliyengoja miaka ishirini na saba ana haki ya kuningojesha na mimi.

Mtu wa posta hupita saa nne. Siku hizi nafungua saa mbili.

Baba yako