Kikombe Chenye Maua

Gitambi, Rusizi

Yaya Odette, dada yangu mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii, zivuke mpaka bila kuulizwa kibali. Magoti yako yanasemaje? Shemeji hajambo? Na batoto wote? Mimi ni mzima kupita kiasi. Juzi nilibeba gunia la mpunga kutoka Bugarama hadi hapa kwa miguu, na lori tulilotoka nalo pamoja lilinikuta nimeshaoga. Uliza mtu yeyote, ila usimuulize dereva, yule ana wivu.

Habari kubwa ni ya Épiphanie, binti wa Maman Mukamazimpaka, yule mjane mfinyanzi. Wafinyanzi hapa kilimani ni wachache, unajua, na kwenye mikutano sauti yao haifiki mbele. Sasa bonde wanakochimba udongo limeanza kulimwa mpunga, nao hawana wa kuwasemea. Watu wa kilima tukakaa, tukaona huyu binti ana kichwa na ana mdomo, basi aende Huye asome mambo ya uongozi, arudi awasemee. Hatukungoja mfadhili wa mbali mwenye gari. Mmoja alitoa godoro, mwingine sanduku, Papa Rukundo akatoa nguruwe, ingawa alimlilia kama mtoto wake. Mimi nilitoa hotuba. Yaya, hotuba ile! Hata migomba iliinama kusikiliza.

Siku ya kumsindikiza tukakusanyika kiwanjani. Desturi yetu unaijua: zawadi haijawa zawadi mpaka waliotoa na waliopewa wanywe pombe ya ndizi kwenye mtungi mmoja, kwa mrija mmoja. Mtungi ukazunguka. Ulipomkaribia Maman Mukamazimpaka, Joséphine, mkubwa wa komite ya kilima, akamletea kikombe kipya cha plastiki chenye maua. Nakuapia hakuwa na roho mbaya, alidhani anamheshimu mgeni wa siku. Lakini zamani wafinyanzi walinyweshwa pembeni hivyo hivyo, na kiwanja kizima kilikumbuka isipokuwa yeye.

Maman alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa kidogo akitazama chini. Épiphanie ndiye aliyesimama. Akauliza kwa upole kwa nini mama yake peke yake ana kikombe. Joséphine akababaika, akasema ni usafi tu, batu ba afya wanakataza mirija. Binti akamjibu, haya Maman Joséphine, hivyo vijidudu vinaijua nyumba yetu peke yake? Watu wakacheka, halafu kicheko kikawakauka mdomoni. Akasema anashukuru kwa godoro na sanduku, na nguruwe arudi kwa mwenyewe, kwa sababu yeye haendi popote. Atarudije kuongea mbele ya watu wasioweza kunywa na mama yake? Wafinyanzi wenzake wakashika vichwa. Bonde linakwenda hivyo!

Hapo nikajikuta niko katikati ya kiwanja, bila hotuba. Nikachukua kile kikombe, nikanywa alichokibakiza Maman, nikakimaliza, halafu nikamsogezea mtungi na mrija niliotoka kuunywea mimi. Akausogeza karibu. Kisha akanywa. Akampitishia Joséphine, naye akanywa machozi yakimtoka, akiomba msamaha kila akivuta. Épiphanie alikuwa bado amesimama, nasi tukaogopa. Mwishowe akamgeukia Papa Rukundo, ambaye alikuwa ameshaanza kumfungua nguruwe wake, akamwambia amfunge tena. Kilima kilipiga vigelegele mpaka nadhani na ninyi huko Bukavu mlisikia. Sasa binti yuko Huye. Alipanda basi Kamembe, godoro juu.

Tangu siku hiyo wananisifu, na mimi nani nikatae? Sokoni nimeshasema niliokoa bonde kwa mkono mmoja. Lakini wewe Yaya sitakudanganya. Sikuwaza bonde. Hata binti sikumuwaza. Niliona uso wa Mukamazimpaka ukiinama juu ya kile kikombe, miguu ikasimama yenyewe. Nampenda, Yaya. Mwaka mzima nanunua nyungu kwake, nyumba imejaa, nalala nimejikunja, na chakula changu napika kwenye sufuria.

Nimeshamwambia. Mimi mwenye maneno yote haya, nilisema mawili matatu, mengine yakawa kikohozi. Alinionyesha rundo la udongo, akasema nivue viatu nikanyage. Basi kila asubuhi nakanyaga, na wapita njia wananiuliza, Mzee, leo unacheza rumba gani? Sijui kama hiyo ndiyo “ndiyo” yake. Ila mwanamke hawezi kumkabidhi mtu asiyemtaka udongo wake, na udongo wenyewe ndio huu wa kugombaniwa.

Wazazi wetu hawapo. Wewe ndiye uliyebaki wa kuja kuniombea mchumba. Najua watu wa kwetu watasema mengi, mfinyanzi hivi, mfinyanzi vile. Kama moyo wako nao unasita, usite huko huko Bukavu mpaka umalize, ndipo uvuke. Nitakungoja mpakani, nimenawa udongo miguuni.

Mkumbatie mwanao Ushindi, umwambie mjomba wake anamuwaza. Mungu akulindie magoti, yana safari.

Ni mimi mdogo wako,
Buhendwa