Kipande cha Udongo Kilichotoka Shavuni Mwangu

Eldoret

Kwa Mideva, mke wangu,

Na hilo kovu uliloniuliza, mpenzi, litabaki. Liko chini ya jicho la kushoto, dogo kama punje ya wimbi, na ukishalibusu mara moja sitalionea haya tena. Wewe hujambo? Baba kikohozi kimempungua? Yule ng'ombe amezaa? Mimi nala vizuri, natembea vizuri, na jina lako linanitoka mdomoni katikati ya kazi hata wenzangu hucheka. Barua ya kwanza niliikata fupi kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba. Leo nakueleza yote.

Ndani ya redio kuna vidude viitwavyo kondensa. Hivi vya siku hizi ni udongo wa kiwandani uliochomwa, duara kama kifungo cha shati, na kazi yake ni kushika umeme kidogo. Kikishika zaidi au pungufu, stesheni inahama. Basi redio ya mzungu mmoja wa Moiben, mkulima wa mahindi, niliitengeneza mimi. Nikalehemu kondensa mpya na kuipangia stesheni saa ile ile, maana tajiri wangu, Kalasinga mwenye duka, hapendi kazi ilale. "Leo naingia, leo natoka!" ndiyo sala yake. Baada ya siku nne redio ikarudi, stesheni imehama. Nikatia kondensa nyingine. Ikarudi tena. Mara ya tatu mzungu aliingia na kiboko.

"Mwizi wewe! Natoa kitu mzuri, natia takataka!"

Kiboko cha kwanza kilinipata shingoni. Cha pili nilikipokea kwa mkono, ndipo vidole vikapasuka. Nilipoanguka akanipiga teke la mbavu, tena na tena, nikasikia pumzi ikinitoka kama hewa ya mfuko uliokanyagwa. Tajiri alisimama nyuma ya meza akisema, "Bwana, bwana, pole-pole." Mzungu akainua redio yake juu ya kichwa akanitupia. Sanduku likapasukia kifuani, vioo vikaruka kila upande, damu ikaingia jichoni. "Jumamosi narudi na askari. Wewe nakwenda jela!" Nilijua maana yake, Mideva. Hata nikitoka jela, kipande changu cha kazi kingeandikwa mwizi, nisipate kazi popote, na wewe ungekuwa mke wa mfungwa kabla nyumba yetu haijakauka udongo.

Dereva wake, Arap Koech, alibaki nyuma kuokota mabaki. Ni rafiki yangu, lakini mdomo wake hauna likizo. Alinishika kidevu, akachomoa kitu shavuni kwa kucha.

"Msomi, umeota jino mahali pabaya."

Kilikuwa nusu ya kondensa. Nilitaka kukitupa, ndipo nikakukumbuka wewe, umechuchumaa kando ya tanuri la mama yako, mimi nikichungulia ng'ambo ya ua kwa sababu kwa mila yetu mkwe hamsogelei mama wa mkewe. Chungu kilikuwa kimepasuka. Hukulia, hukulaani, ulipitisha kidole kwenye ukingo wake, ukaniambia, "Chungu kizima kinadanganya. Kikivunjika, soma chembe zake." Ee mke wangu mwenye vidole vya akili! Nilichukua lenzi ya dukani nikasoma. Chembe zake zilikuwa nene, kama chenga za mahindi. Nikavunja kimoja cha boksi lingine, chenye namba ile ile ubavuni: laini kama unga uliochekechwa mara mbili.

Nikachukua kizima kimoja cha kila boksi, la chenga na la laini, nikavipasha sana kwa chuma cha kulehemu, nikavipima mpaka Ijumaa kwa mashine inayoonyesha kinashika umeme kiasi gani. Kile cha chenga kilianguka sana siku ya kwanza, kidogo siku ya pili, kidogo zaidi ya tatu. Kile laini kilishuka kwa haya tu. Nilipokipasha upya cha chenga, kikapanda kuwa kama kilivyotoka motoni, kisha kikaanza kushuka tena. Kwa nini, sijui. Labda ndani ya chembe kubwa kuna ugomvi mwingi wa kutulia. Lakini kosa letu nililiona: kila tulipolehemu tulikifanya kichanga, halafu tukapanga stesheni kabla hakijatulia.

Jumamosi mzungu alikuja na askari wawili, pingu mkononi. Niliongea Kiingereza changu chote kumweleza kuwa hapakuwa na wizi, palikuwa na haraka ya duka. Nikapasha cha chenga mbele yake. Sindano ya mashine ikapanda.

"Tena," akasema.

Nikarudia kwa kingine. Ikapanda. Akawatoa askari nje kwa kidole. Kisha akamgeukia tajiri akampiga kofi, kilemba kikaanguka sakafuni. "Redio mpya. Bure." Hakuniomba radhi, wala sikuingoja.

Tajiri alikiokota kilemba taratibu, akakifunga upya. Nilimhurumia, ingawa siku niliyopigwa mimi yeye hakusogea. Koech akaniuliza mlangoni, "Na wewe bwana harusi, umetoka motoni juzi. Utaanza kushuka lini?"

"Mimi ni wa chembe laini," nikamjibu. Hata tajiri alicheka.

Nimeshalehemu kondensa laini katika ile redio mpya, na nimekataa kuigusa mpaka itulie siku saba. Tajiri alinitazama, akasema, "Basi wewe nakaa hapa nafanya nini? Kwenda kwa bibi yako."

Wasalimie baba na mama, na dada yako mdogo aliyeshika mwavuli siku ya harusi. Mama yako, ambaye sijawahi kumshika hata mkono, umfikishie shukrani zangu kupitia ng'ambo ya ua: tanuri lake limeniokoa na jela. Na wewe chota maji ya kuoga mengi, Mideva. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, na kovu langu.

Mumeo akupendaye kupita kiasi,
Yafeti